Je, Kumlea Kinda la Shakwe ni Rehema?

Miongoni mwa masuala ambayo watu huyaona madogo, nayo ndani yake yana jambo kubwa, ni hili: mtu akiokota kinda la ndege wa porini lililopotewa na wazazi wake, akalilisha kwa mkono wake mpaka likaota mbawa, je, amefanya wema? Wengi watajibu mara moja kuwa amefanya wema usio na shaka. Wachache watacheka, waseme kuwa huo ni mchezo wa wasio na kazi. Sisi twaona kuwa majibu yote mawili yametolewa kabla ya suala lenyewe kutazamwa. Kwani malezi hayajulikani kuwa ni wema siku yanapoanza. Yajulikana siku yanapokoma. Na ndege tuliyemchagua kuwa mfano wa maneno yetu, yaani shakwe, aweza kutufunza jambo hili kuliko ndege wengi wengine.

Shakwe si mgeni kwetu watu wa pwani. Mvuvi humwona akizunguka nyuma ya mashua nyavu zinapovutwa, na mwenye kupita mdomoni mwa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, huwaona makundi kwa makundi wamesimama mchangani, wote wameuelekea upepo. Baadhi yao ni wasafiri waliozaliwa kaskazini ya mbali, katika nchi ya Urusi, nao huja kwetu kuikimbia baridi. Wengine ni wenyeji wa bahari yetu hii: yule shakwe wa rangi ya moshi, mwenye kichwa cha kahawia, ambaye huzaa katika visiwa vya Bahari ya Sham, na Oman, na Somalia, na upande wa kusini hufika mpaka visiwa vidogo vya Kiunga, kule Lamu, ambako hutaga mayai yake karibu na buabua.

Lakini ujuzi wa kulea makinda yake umekusanywa zaidi katika miji ya pwani ya Uingereza, nayo sababu yake ni nyepesi kufahamika. Huko yuko shakwe mkubwa mwenye mgongo wa kijivu na miguu ya rangi ya waridi, ambaye asili yake ni kujenga kiota juu ya majabali, naye sasa amehamia juu ya mapaa ya nyumba. Paa kwake ni jabali: liko juu, wala mbweha halifikii. Jike hutaga mayai mawili au matatu, wazazi wote wawili huyaatamia kwa muda wa majuma manne hivi, na makinda hutoka yakiwa na manyoya mepesi yenye madoa, macho yamefunguka, na baada ya siku chache yaweza kutembea. Hapo ndipo msiba huanza. Jabali lina mianya na majani ya kujifichia. Paa lina mteremko na mfereji wa mvua. Kila mwaka, mwezi wa Juni na wa Julai, makinda huteleza yakaanguka barabarani, penye magari na mbwa na paka, na watu wenye huruma huyaokota.

Na ijapokuwa wenyeji wa miji hiyo humwona ndege huyu kuwa amejaa kila mahali, idadi yake imepungua mno, hata mwaka 2009 akatiwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza wanaohitaji kuhifadhiwa kuliko wengine. Sheria ya huko ya mwaka 1981 yakataza kumwua au kuvunja kiota chake pasipo idhini. Basi yeye ni ndege anayetukanwa na kulindwa kwa wakati mmoja.

Yatima, au si yatima?

Jambo la kwanza katika rehema ni kutazama. Mwenye huruma ya haraka hulikuta kinda limesimama peke yake kando ya ukuta, akasema moyoni: maskini, halina mama. Hulibeba, akalipeleka nyumbani katika boksi, akalala usiku huo ameridhika na nafsi yake. Naye lau angelirudi nyuma hatua kumi, akainua macho, angeliwaona wazazi wawili juu ya paa wakilia na kuzunguka. Kwani shakwe halitupi kinda lake kwa kuwa limeanguka. Hulilinda pale pale lilipo chini, na hulishukia kulilisha mpaka liweze kuruka, nako kuruka huja baada ya majuma matano au sita. Hao ndege wanaorushia watu mbawa vichwani, ambao watu huwaita wakali na wenye wazimu, wengi wao ni wazazi wanaotetea mtoto wao.

Basi mtu huyo hakuokota yatima. Mkono wake ndio uliomfanya yatima.

Na jambo hili si geni katika mafunzo tuliyopokea. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud kwamba Masahaba walipokuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.) walimwona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda yale, ndege akaja akawa anatandaza mbawa zake na kupapatika. Mtume alipokuja, aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Tazama, ewe ndugu msomaji: hakuuliza kwanza kama waliyachukua kwa ubaya au kwa kuyapenda. Aliutazama uchungu wa mama, akaamuru kilichotwaliwa kirudi mahali pake. Nia njema ya mchukuaji haikuwa ndiyo hoja.

Kwa hiyo wenye ujuzi wa kazi hii wameweka kanuni ambayo sisi twaiona ni ya haki. Kinda likiwa limesimama kwa miguu yake, halina jeraha, na wazazi wanalia juu, usilichukue. Likiwa mahali pa hatari, lisogeze karibu tu, juu ya ukuta au kivulini au juu ya paa la chini, kisha ondoka upesi ili wazazi walifikie. Na wale wanaosema ati likiguswa na mwanadamu wazazi watalitupa kwa sababu ya harufu, hawana hakika. Ndege hawayakatai makinda yao kwa kuguswa. Lakini kinda likiwa limevunjika bawa, au linatoka damu, au limepoa mwili wala haliwezi kusimama, au wazazi wake wameonekana wamekufa, hapo pana haja, na hapo mlango wa kulichukua umefunguka.

Majibu kwa wapinzani

Huenda mtu akasema: watoto wa watu wana njaa, nanyi mwawalisha ndege samaki! Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Twakiri kuwa mtu anayempa ndege na kumnyima mwana wa jirani yake amekosea mpango, na kosa lake ni kubwa. Lakini twataka kuuliza: je, ile njaa ya mtoto imeletwa na vidagaa vichache alivyokula kinda? Na huyo asemaye kila siku kuwa watu watangulie, na atuoneshe watu aliowatanguliza. Mara nyingi tumeona kuwa neno hilo hutajwa ili kumzuia mtoaji, si ili kumhimiza. Mwenye moyo wa kumwona ndege aliyeanguka hapungukiwi na macho ya kumwona mtu. Na aliyezoea kumpita kiumbe kinachotapatapa njiani pasipo kugeuka, siku moja atampita na mwanadamu vile vile.

Mwingine atasema: kuanguka kwa kinda ni kadari ya Mungu, na paka naye ana riziki yake; kwa nini kuingilia? Twamjibu: na maradhi ni kadari, nawe wamwita mganga, na moto ni kadari, nawe wauzima. Tena tutazame ni vipi ndege hawa huangamia. Huyu amenaswa na mshipi wa kuvulia uliotupwa ufukweni. Yule amemeza ndoana. Mwingine amegongwa na gari. Mwingine ameanguka kutoka paa tulilolijenga sisi. Haya hayakutendwa na paka. Mkono wetu ulikwisha kuingilia zamani. Lililobaki ni kuuliza kama mkono huo huo utarudi kutengeneza.

Wa tatu atasema: shakwe ni mwizi, hunyakua samaki mekoni na mkate mikononi mwa watoto. Ni kweli hunyakua. Lakini ni nani aliyemfundisha kuwa chakula kipo mikononi mwa watu, na majaani, na mabaki ya samaki yaliyotupwa gatini? Na juu ya hayo, rehema si mshahara wa tabia njema. Yule mbwa mwenye kiu ambaye habari zake zimo katika Bukhari na Muslim, aliyeteremkiwa kisimani na mtu akamtekea maji kwa kiatu chake, hakutajwa kuwa alikuwa mlinzi wala kuwa alimfaa yeyote. Sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba ana kiu. Na Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, alipozitaja katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya wanadamu, alisema kuwa mnyama apewe matumizi yake hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na manufaa tena. Basi haki haipimwi kwa faida tunayoipata.

Namna ya malezi, na mtego uliomo ndani yake

Sasa tulitazame lile kinda ambalo haja yake imethibiti. Kulilea si kazi ya mapenzi matupu. Ni kazi ya elimu. Kinda changa huhitaji joto, kwani manyoya yake mepesi hayajaweza kuuhifadhi mwili. Chakula chake ni samaki: wadogo wazima, au wakubwa waliokatwa vipande pamoja na mifupa. Mkate na wali humshibisha shakwe bila ya kumjenga, na anayelishwa hivyo mifupa yake hukua laini, ikapinda. Samaki aliyegandishwa kwa barafu kisha akayeyushwa hupungukiwa na vitamini B1, na ndege aliyelishwa huyo peke yake mwishowe hutetemeka na kulegea. Kwa hiyo walezi humtilia vitamini hiyo katika chakula. Maji hayamiminwi mdomoni, yasije yakaingia mapafuni. Huwekwa mbele yake katika chombo, akanywa mwenyewe. Sakafu tupu ya saruji humtia vidonda vya nyayo. Na manyoya yakichafuka kwa mafuta ya samaki hayazuii maji tena, na shakwe aliyelowa mpaka ngozini hafiki mbali. Kwa hiyo lazima apate karai la kuogea, ajifunze kujisafisha na kujipaka mafuta ya ile tezi iliyo juu ya mkia wake.

Yote haya huyaweza mtu mvumilivu. Lililo gumu ni jingine.

Shakwe yule wa Uingereza ana doa jekundu katika mdomo wake wa chini. Mtaalamu wa Kiholanzi, Niko Tinbergen, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya maisha ya ndege huyu, alionesha kuwa kinda hulidonoa doa lile, na mzazi anapodonolewa hutapika chakula. Akajaribu kulionesha kinda kichwa cha shakwe kilichokatwa katika karatasi ngumu na kutiwa doa jekundu. Kinda likalidonoa vile vile. Na mwenzake, Konrad Lorenz wa Austria, alikuwa amekwisha eleza katika miaka ya 1930 jinsi vifaranga vya bata bukini, vikimwona mwanadamu mara tu vitokapo yaini, vinavyomfuata yeye kama kwamba ndiye mama. Wote wawili walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1973, pamoja na Karl von Frisch.

Haya yana maana kubwa kwa suala letu. Kinda halimchagui mlezi kwa wema wake. Likidonoa karatasi iliyotiwa rangi, halikuipenda karatasi. Na likikukimbilia wewe, likalala miguuni pako, likalia ukiondoka, si kwamba limekupima likakuona ni mtu mwema. Limeumbwa hivyo, litafute wa kumfuata, na wewe ndiye uliyekuwapo. Basi mapenzi ya kinda si ushahidi wa wema wa mlezi. Ni amana iliyoangukia mkononi mwake, naye aweza kuitunza au kuila.

Namna ya kuila ni hii. Mlezi huliona kinda linamjua, akafurahi. Hulipa jina. Hulibeba begani, likapanda kitandani, jirani wakaja kutazama. Kila siku huyazidisha mazoea, na kila mazoea yanapozidi, kinda huzidi kusahau lililo. Likikua halijui kuwa ni shakwe. Hufunguliwa, likaruka, kisha likatua penye mkusanyiko wa watu likiomba. Na kwa kuwa halimwogopi mwanadamu, humwendea na yule mwenye jiwe, na yule mwenye mbwa. Mlezi wake hulia siku hiyo, asijue kuwa jiwe lile yeye ndiye aliyelifungulia njia.

Kwa ajili hiyo walezi wajuao kazi yao hufanya mambo ambayo asiyejua huyaona ni ugumu wa moyo. Hawalipi kinda jina la kuliita. Hawasemi nalo. Hulilisha kwa kibano, na wengine huuficha uso na mkono. Hulichanganya na makinda mengine ya jinsi yake, ili lijifunze kwao namna ya kugombea chakula, na kuogopa, na kulia kwa lugha ya watu wake. Hulijengea kizimba kikubwa cha kunyoshea mbawa. Hujiweka mbali kila linapokua. Tazama jinsi mambo yanavyogeuka! Mwenye kulikumbatia ndiye anayeliangamiza, na mwenye kujizuia ndiye anayelipenda.

Kulisha na kuachilia

Katika habari mashuhuri ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, lawama imetajwa kwa pande mbili: kwamba alimfungia hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe katika wadudu wa ardhi. Watu wengi huikumbuka sehemu ya kwanza, wakadhani kuwa aliye na chakula cha kutosha amesalimika. Lakini sehemu ya pili nayo imetajwa. Kiumbe kina haki ya kulishwa anapozuiliwa, na kina haki ya kuachiliwa awezapo kujitafutia. Mwenye kulea kinda la porini amezibeba haki zote mbili, moja baada ya nyingine. Na atakayetimiza ya kwanza akaizuia ya pili amelipa nusu ya deni, kisha akajiita mkarimu.

Hapa mtu aweza kutukumbusha habari ya Abu Umair, yule mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kucheza nacho, na Mtume (s.a.w.) akawa akimwuliza kwa upole habari za kindege hicho. Wanavyuoni wengi wamechukua katika hadithi hiyo dalili kuwa yafaa kumweka ndege nyumbani kwa sharti ya kumtunza. Nasi hatulipingi hilo. Lakini suala letu si la mtu aliyetaka ndege wa kufuga. Ni la mtu aliyesema: nalichukua hili ili niliokoe. Huyu amefunga nia, na hana ruhusa ya kuigeuza katikati ya njia kwa kuwa moyo wake umenogewa. Aliyechukua mzigo wa mtu ili kumfikishia bandarini, akaupenda njiani akauweka nyumbani kwake, haambiwi kuwa ameutunza vizuri.

Tena Qur'ani imetufahamisha kuwa ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Neno hili yafaa tulitafakari. Kuwa umma ni kuwa na watu wako, na lugha yako, na mahali pako. Shakwe ameumbwa kwa bahari kila kiungo: ana utando baina ya vidole, na juu ya macho yake ana tezi mbili zitoazo chumvi katika damu ikachuruzika puani, hata aweza kunywa maji ya bahari ambayo sisi tukiyanywa hutudhuru. Huchukua miaka minne hivi kabla ya kupata manyoya ya utu uzima, na aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Kumtoa kiumbe huyu katika umma wake na kumpa maisha ya uani, hata uani ukiwa na samaki tele, ni kumpa kidogo na kumnyang'anya kingi.

Basi siku ya kuachilia hufika. Alama zake zajulikana: anakula mwenyewe bila ya kulishwa, maji hutiririka juu ya manyoya yake yasimwingie, anaruka kutoka upande huu wa kizimba mpaka ule bila ya kuchoka, na akimwona mwanadamu hujitenga. Huchaguliwa siku ya hali njema ya hewa, na mahali ambapo shakwe wengine hukusanyika, akafunguliwa. Hatazami nyuma, wala hatoi shukrani. Na mlezi aliyeifanya kazi yake sawasawa hataki shukrani hiyo, kwani ndege akirudi kwake ni dalili kuwa kazi haikutimia.

Na je, akifa baada ya juma moja? Hilo huwa, kwani shakwe wengi wachanga hufa katika mwaka wao wa kwanza, hata waliolelewa na wazazi wao. Twasema kuwa umri haukuwa mikononi mwa mlezi. Alichokuwa nacho ni kumfikisha kinda mlangoni akiwa na mbawa zake, na manyoya yake, na hofu yake. Akiyatimiza hayo ametimiza.

Malezi ya wanadamu

Ewe ndugu msomaji, hatukuandika haya yote kwa ajili ya ndege peke yake. Kila mwenye kulea aweza kujitazama katika kioo hiki. Mwenyezi Mungu alipowaamrisha mawalii juu ya mayatima, aliwataka wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wawakabidhi mali yao. Kumbe uwalii una mwisho tangu siku ya kuanza kwake, na aliyeusahau mwisho huo ameubadilisha uwalii ukawa umiliki.

Na tuitazame miji yetu kwa haki. Ni wangapi waliochukua mtoto wa ndugu yao aliyefariki, watu wakawasifu, kisha mtoto yule akawa wa kufua na kuteka maji, wenziwe wakienda chuoni na skuli, na akiuliza habari ya sehemu yake ya nyumba huambiwa: tumekulea, huna shukrani? Ni mabinti wangapi waliocheleweshwa kuolewa kwa kuwa nyumba yamhitaji mtumishi? Na ni mafundi wangapi wanaoificha siri ya kazi, ili mwanafunzi abaki chini yao maisha yake yote? Wote hawa wamelisha, nao hulitaja tonge lao kila siku. Lakini hawajaachilia. Wamemlea mtu ili awahitaji, wala hawakumlea ili aweze.

Kipimo ni kimoja kwa ndege na kwa mtu. Mlezi na ajiulize: huyu niliye naye, je, kesho atanihitaji pungufu kuliko leo? Na likiwa ndivyo, je, jambo hilo lanifurahisha au laniuma? Anayefurahi ni mlezi. Anayeumia asikate tamaa, kwani kuumia ni tabia ya moyo, lakini aujue ugonjwa wake, wala asiuite rehema.

Ushauri wetu

Kwa kumalizia, twawausia ndugu zetu mambo machache. Wanaofika Kiunga na visiwa vingine wanakotaga ndege wa bahari, wasiyachukue mayai wala makinda, na wasitembee katikati ya viota, kwani mzazi akiondoka, jua la mchana huliua yai kwa muda mfupi. Wavuvi wasitupe mishipi na ndoana ufukweni. Atakayemwona ndege peke yake atazame kwanza, kabla ya kunyosha mkono. Na atakayemkuta ameumia hasa, amtie katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali pa kivuli na kimya, kisha awaarifu maofisa wa wanyamapori, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila ya kibali. Na aoshe mikono, wala asimshike kwa mikono mitupu ndege aliyekufa au anayeumwa, kwani maradhi ya mafua ya ndege yameua ndege wengi wa bahari huko Ulaya tangu mwaka 2021, na si rehema mtu kuyapeleka maradhi kwa watoto wake.

Na waliotiwa mkononi mwao mayatima wa wanadamu, wahesabu tangu leo ni lini watawakabidhi kilicho chao, na waiandike hesabu hiyo mbele ya mashahidi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kurehemu kwa elimu, atuepushe na mapenzi yanayokula amana, na atupe nguvu ya kuifungua mikono yetu wakati wake utakapofika. Amin.